Utamaduni Haupakuliwi Bandarini: Hoja Juu ya Urithi wa Wamalei

Upo uongo ambao, kwa kurudiwa mara nyingi, hatimaye huvikwa joho la elimu. Mmojawapo ni ule usemao ya kuwa watu wa pwani hawana utamaduni wao wenyewe: eti kila walicho nacho kilishushwa chomboni na mgeni, nao walikaa ufukoni wamekunja mikono wakingoja kugawiwa. Sisi wasemaji wa Kiswahili twaufahamu uongo huo kwa sura na kwa sauti. Tumeambiwa kwamba misikiti ya Kilwa ilijengwa na wageni, kwamba ushairi wetu ni mwangwi wa Arabuni, na kwamba lugha yetu yenyewe ni chotara asiye na kwao. Wataalamu wetu wamekwisha kuyajibu madai hayo, na majibu yao yamo vitabuni.

Lakini hatukusimama peke yetu kizimbani. Ng'ambo ya pili ya bahari hii hii wako Wamalei, ambao wameshtakiwa mashtaka hayo hayo, kwa ushahidi hafifu ule ule, na mara nyingi mbele ya mahakimu wale wale. Wao nao waliambiwa kwamba ufalme waliupata Bara Hindi, dini Arabuni, biashara China, na utaratibu wa serikali Ulaya. Kwamba wao ni debe tupu lililojazwa na kila mpita njia. Katika makala haya tunakusudia kuyapinga madai hayo. Hatufanyi hivyo kwa hisani tu. Anayeikubali hoja hii dhidi ya Wamalei amekwisha kuikubali dhidi yetu, maana hoja ni moja, na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mmalei ni nani?

Yatubidi kwanza tujue tunamzungumza nani. Nchi za asili za Wamalei ni ile rasi ndefu iliyo kusini ya Thailand, pwani ya mashariki ya Sumatra, visiwa vya Riau, na sehemu za pwani ya Borneo, pamoja na Brunei. Wasichanganywe na Wajava, Wabali wala Wabugi, ingawa wote ni ndugu kwa lugha. Lugha zao ni matawi ya mti mmoja ambao wanaisimu huuita Kiaustronesia, mti uliotandaza matawi yake kutoka Bukini hadi Kisiwa cha Pasaka.

Wapo wanaopenda kuuliza habari za damu. Katiba ya Malaya ya mwaka 1957, ambayo Malaysia imeirithi, yasema katika kifungu chake cha 160 kwamba Mmalei ni mtu afuataye dini ya Kiislamu, azungumzaye Kimalei kwa kawaida, na ashikaye mila za Kimalei, tena mwenye uenyeji wa nchi kwa kuzaliwa au kwa makazi. Fasili hiyo ina ubishi wake, na huko Indonesia haitumiki. Lakini tazama kitu ambacho haikukitaja. Haikutaja rangi ya ngozi wala umbo la pua. Abdullah bin Abdul Kadir, aitwaye Munsyi Abdullah, ambaye tawasifu yake ilipigwa chapa mwaka 1849, alikuwa na damu ya Kiarabu na ya Kihindi. Alizaliwa Melaka, akakitumikia Kimalei maisha yake yote, na hata leo wasomi wa huko humhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa nathari mpya ya lugha hiyo. Mmalei, basi, kama Mswahili, hutambulikana kwa lugha na mwenendo. Anayetafuta ukoo usiochanganyika na mwingine asiutafute bandarini.

Debe halikuwa tupu

Tuje sasa kwenye shtaka kuu. Mashahidi wa kwanza tuwaitao si watu bali ni mawe.

Karibu na Palembang, katika Sumatra, palipatikana mwaka 1920 jiwe dogo lenye maandishi ya mwaka 683. Jiwe hilo huitwa Kedukan Bukit. Herufi zake ni za asili ya kusini mwa Bara Hindi, na ndani yake yamo maneno ya Kisanskriti. Mwenye haraka atasema: Tazameni, Mhindi huyo! Lakini akiendelea kusoma ataona kuwa lugha yenyewe ni Kimalei cha kale, na habari isimuliwayo ni ya mtawala wa huko, Dapunta Hyang, aliyesafiri na jeshi lake kwa vyombo vyake. Mwenyeji aliichukua kalamu ya mgeni ili aandike habari zake mwenyewe. Tangu lini kuazima kalamu kukawa kukosa la kusema? Waingereza huandika kwa herufi za Kirumi, na hatujamsikia mtu akisema kwamba utamaduni wao ni wa Warumi.

Dola hiyo ya Srivijaya haikuwa mwanafunzi wa mtu. Mtawa wa Kichina aitwaye Yijing aliposafiri mwaka 671 kwenda Bara Hindi kutafuta elimu ya Kibudha, alitua huko na kukaa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskriti. Baadaye aliwashauri watawa wenzake wa China waanzie huko masomo yao kabla ya kufika Bara Hindi. Debe tupu haliwi darasa.

Jiwe la pili liko Terengganu, pwani ya mashariki ya rasi. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha yake ni Kimalei, na tarehe yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni mwaka 1303. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza katika daftari lake la Kumbukumbu ya Dunia. Jiwe hilo latangaza sheria za Kiislamu. Hata hivyo, Mwenyezi Mungu ametajwa humo kwa jina la Dewata Mulia Raya, maneno ambayo Wamalei walikuwa nayo kabla ya Uislamu, na mizizi ya baadhi yake ni ya Kisanskriti. Hapo twamwona mwenyeji akiwa kazini. Dini ilipofika haikukuta ukimya; ilikuta watu wenye maneno ya heshima, nao wakaipokea kwa maneno hayo.

Wazitazame pia herufi zenyewe. Mwandiko wa Kimalei kwa hati za Kiarabu huitwa Jawi. Kiarabu hakina herufi za sauti kama vile *ch*, *ng'*, *p*, *g* na *ny*, ambazo Kimalei hakiwezi kusemwa bila ya hizo. Waandishi wa Kimalei hawakuzikata sauti zao ili zienee katika herufi za mgeni. Waliongeza nukta, wakaumba herufi mpya. Waandishi wetu wa Lamu na Mombasa walikabiliwa na shida kama hiyo, nao wakatafuta njia zao. Huo ni ufundi wa mtu ajuaye analotaka kusema.

Kama hayo hayatoshi, natwende Negeri Sembilan, moja ya nchi za Wamalei katika rasi, na kwa ndugu zao Waminangkabau wa Sumatra. Watu hawa ni Waislamu kwa karne nyingi. Lakini kwa mila yao iitwayo *adat perpatih*, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa na wanawake. Ikiwa kila kitu kilitoka Arabuni, ardhi hii ya mama ilitoka wapi? Mjibuji hana jibu. Ukweli ni kwamba mila na sheria zilikaa baraza moja, zikabishana, zikapatana. Hata sheria za Melaka zilizoandikwa katika karne ya 15 hutaja mara kwa mara hukumu ya mila na hukumu ya dini kwa kosa moja, bega kwa bega.

Ushahidi wa watunzi

Sisi tulio watunzi twaomba ruhusa kutoa ushahidi wa fani yetu, maana katika ushairi ndipo roho ya watu haiwezi kuazimwa.

Wamalei wana utungo uitwao *pantun*. Una mistari minne. Mwisho wa mstari wa kwanza hulingana na wa tatu, na wa pili na wa nne. Mistari miwili ya mwanzo huchora kitu cha macho: ndege juu ya tawi, mto uliofurika, mbegu iliyopandwa kiamboni. Mistari miwili ya mwisho ndiyo hutoa neno lililokusudiwa: penzi, onyo, masikitiko. Msikilizaji hodari hulihisi neno kabla halijatamkwa, kwa kuwa sauti na taswira za mwanzo zimekwisha kulitayarisha. Pantun hutungwa papo kwa papo arusini, hujibizana, husutana. Aliyekwisha kuwasikia malenga wetu wakijibizana ataelewa mara moja. Na hapa msafara wa ukopaji unageuka: ni Ulaya iliyokopa. Victor Hugo alichapisha tafsiri ya pantun katika maelezo ya kitabu chake cha mashairi mwaka 1829, na washairi wa Kifaransa waliofuata wakajifunza kuiga fani hiyo. Hatujasoma popote kwamba Ufaransa ni debe tupu.

Tena wana *syair*. Neno hili na neno letu *shairi* ni watoto wa neno moja la Kiarabu, na wasiojua mengi husimama hapo wakashangilia. Lakini syair ni ubeti wa mistari minne yenye kina kimoja mwishoni mwa yote minne, ubeti uliositawi mikononi mwa Hamzah Fansuri wa Sumatra katika karne ya 16 ili usimulie na ufundishe. Utenzi wetu nao una mistari mifupi minne. Mitatu huwa na kina chake, na wa nne hubeba kina cha utungo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ni milango miwili tofauti, iliyochongwa na mafundi wawili tofauti. Mwarabu alitoa jina. Nyumba zilijengwa na wenyeji.

Melaka, na watu wa Kilwa waliokuwamo

Wamalei waliigawa dunia kwa upepo. Nchi zao waliziita nchi zilizo chini ya upepo. Bara Hindi, Uajemi na Arabuni waliziita nchi zilizo juu ya upepo. Mtu wa kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Ni upepo uliofanya Melaka, mji ulioasisiwa karibu na mwaka 1400, kuwa mahali ambapo vyombo vya magharibi na vya mashariki vilikutana kungoja msimu ugeuke.

Mreno Tomé Pires, aliyekaa Melaka kati ya mwaka 1512 na 1515, aliandika kwamba katika bandari hiyo zilisikika lugha 84. Katika orodha yake ya watu waliofanya biashara huko amewataja watu wa Kilwa na wa Malindi. Naam, ndugu msomaji: wazee wetu walikuwa Melaka, nao hawakwenda kuchukuliwa kama mzigo, walikwenda kama wafanyabiashara miongoni mwa wafanyabiashara. Mji huo ulikuwa na sheria zake za bahari, ambazo manahodha wenyewe walizikusanya wakaomba kibali cha Sultani Mahmud Shah. Sheria hizo zilimpa nahodha mamlaka ya mfalme awapo baharini, zikaeleza wajibu wa mabaharia na haki za wafanyabiashara chomboni. Na neno lao kwa mkuu wa chombo ni *nakhoda*. Sisi na wao tulilichukua neno hilo kwa Mwajemi. Lakini kuendesha chombo hakukuja pamoja na neno.

Mwaka 1511 Afonso de Albuquerque aliuteka mji huo. Mtu huyo hakuwa mgeni kwetu: mwaka 1507 alikuwamo katika msafara uliopora na kuchoma Barawa, miaka miwili baada ya Wareno wenzake kuzipora Kilwa na Mombasa. Huko Melaka alijenga ngome, na mawe yake yalitwaliwa katika msikiti na makaburi ya masultani. Mali iliyoporwa ilipakiwa katika merikebu Flor de la Mar, nayo ikazama karibu na Sumatra mwaka huo huo. Hivyo ndivyo alivyoingia yule aliyejitangaza kuwa analeta ustaarabu. Kwao na kwetu aliacha maneno mawili yale yale, *meja* au *meza*, na *bendera*. Hatuoni kwamba biashara hiyo ilikuwa ya haki.

Hadithi ya mvivu

Baada ya Mreno alikuja Mholanzi mwaka 1641, na baada yake Mwingereza. Mwingereza alileta shtaka jipya: Mmalei ni mvivu. Frank Swettenham, gavana aliyetumikia huko miaka mingi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1906 kwamba sifa kuu ya Mmalei ni kutopenda kazi. Maneno hayo yalinakiliwa kitabu baada ya kitabu, mpaka yakawa kama aya.

Syed Hussein Alatas, mwanasosholojia wa Malaysia, aliyachambua mwaka 1977 katika kitabu kizima juu ya hadithi ya mwenyeji mvivu. Jambo aliloonyesha ni jepesi kama ukweli wote. Mmalei alilima mpunga wake, akavua samaki, akajenga mashua, akafuma nguo za *songket* kwa nyuzi za dhahabu. Kazi aliyoikataa ni moja: kuwa kibarua wa mkoloni katika migodi ya bati na mashamba ya mpira, kwa ujira duni na masharti ya kikatili. Hapo ndipo walipoletwa vibarua wengi kutoka China na Bara Hindi, nao wakateseka. Anayekataa kutajirisha mnyonyaji huitwa mvivu. Anayekubali husifiwa mpaka afe. Sisi tuliosikia babu zetu wakiitwa wavivu kwa kukimbia mashamba ya walowezi hatuhitaji mkalimani wa habari hiyo.

Na kama wangekuwa wavivu wa akili, je, nani aliwafunga elimu? Mwaka 1920 taarifa ya serikali ya kikoloni huko ilieleza bila haya kwamba shabaha ya kumsomesha mtoto wa mvuvi au mkulima ni kumfanya awe mvuvi au mkulima mwenye akili kidogo kuliko baba yake. Mtu amfunge mwenzake miguu, kisha amcheke kwa kutokimbia!

Karatasi na mpaka

Mkoloni hakudharau tu urithi wa Wamalei, aliuchukua. Stamford Raffles alikusanya hati nyingi za mkono na kuajiri waandishi wa kumnakilia nyingine, na Munsyi Abdullah alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Februari 1824 Raffles alizipakia hati zake katika merikebu Fame, nayo ikashika moto baharini karibu na Bengkulu. Watu waliokoka, karatasi ziliteketea. Munsyi Abdullah alizililia katika tawasifu yake, maana nyingine zilikuwa hazina nakala. Na nakala maarufu mojawapo ya *Sejarah Melayu*, tarehe ya masultani wa Melaka, mpaka leo mtu huitafuta London.

Mwezi uliofuata, Machi 1824, Waingereza na Waholanzi walitia saini mjini London mkataba uliougawa ulimwengu wa Wamalei kwa mstari wa baharini. Ufalme wa Johor na Riau, uliokuwa mmoja, ukakatwa vipande viwili. Mstari huo ndio ulio chanzo cha mpaka wa leo kati ya Indonesia kwa upande mmoja, na Malaysia na Singapuri kwa upande mwingine. Hakuna Mmalei aliyekaa katika meza ile. Sisi Waafrika twaijua meza ya namna hiyo, na tarehe yetu ni 1884.

Katika hiyo *Sejarah Melayu* imo habari ambayo twapenda wanaodai kwamba Asia haikuwa na fikra za siasa waisome. Inasimuliwa kwamba mzee Demang Lebar Daun aliagana na mfalme wa kwanza: raia hawatauasi ufalme, lakini mfalme naye hatawaaibisha raia wake wala kuwatukana, hata kama wamekosa, na upande mmoja ukivunja, agano limevunjika. Na katika *Hikayat Hang Tuah*, shujaa Hang Jebat anamwasi sultani aliyeamuru rafiki yake auawe bila haki, kisha rafiki huyo huyo, Tuah, anarudi kumwua kwa utii. Ni nani shujaa, mtiifu au mwasi? Wamalei wanabishana juu ya swali hilo hata sasa, na katika miaka ya 1960 mshairi Usman Awang alimpa Jebat tamthilia yake. Watu wanaobishana karne kadhaa juu ya mipaka ya utii hawakuazima vichwa.

Walivyofika kwetu

Waliosema kwamba Wamalei na ndugu zao walikaa ufukoni wakingoja, na watueleze habari za Bukini. Lugha ya Kimalagasi ni jamaa ya karibu ya Kima'anyan kinachosemwa ndani ya Borneo, kama alivyoonyesha Otto Dahl mwaka 1951, na ndani yake yamo maneno ya Kimalei. Watu hao waliivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndizi tunazozila asili yake ni huko kwao, na wataalamu wengi waona kwamba ngalawa yetu, na mbawa zake mbili, ni mjukuu wa vyombo vyao. Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, alisema kwamba watu wa visiwa vya Zabaj walikuwa wakija pwani ya Zanji kufanya biashara.

Safari ya pili haikuwa ya hiari. Waholanzi walipelekea Rasi ya Tumaini Jema watumwa na wafungwa kutoka visiwa hivyo na kwingineko. Wote walibandikwa jina la Wamalei, ijapokuwa wengi wao walitoka mataifa mengine. Sheikh Yusuf wa Makassar alihamishiwa huko mwaka 1694. Imamu Abdullah wa Tidore, aitwaye Tuan Guru, alifungwa katika kisiwa cha Robben akaiandika humo Kurani kwa kumbukumbu ya moyo wake, na mwaka 1794 ukaasisiwa msikiti wa Auwal mjini Cape Town. Watu wa jamii hiyo ndio walioandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, na kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi katika lugha hiyo kilipigwa chapa mwaka 1877. Lugha ambayo makaburu waliifanya fimbo yao, basi, ni miongoni mwa mikono ya wana wa watumwa iliyopata maandishi ya mwanzo. Na mpaka leo msemaji wake akitaka kusema *nyingi* husema *baie*, neno la Kimalei.

Lugha waliyoiamini

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi walikula kiapo mjini Batavia, Jakarta ya leo: nchi moja, taifa moja, lugha moja. Wajava ndio waliokuwa wengi kupita wote. Lakini lugha iliyochaguliwa haikuwa Kijava. Ilikuwa Kimalei, lugha ya kwanza ya wachache lakini ya bandari zote, ikapewa jina la Kiindonesia. Hoja hiyo ndiyo iliyotufanya sisi tukichague Kiswahili. Malaya nayo iliunda mwaka 1956 Dewan Bahasa dan Pustaka, baraza lake la lugha na vitabu. Mwaka 1967 Malaysia ilipitisha sheria ya lugha ya taifa, na mwaka huo huo sisi tuliunda Baraza letu la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1972 Malaysia na Indonesia zilikubaliana tahajia moja, zikaziba ufa ambao Mwingereza na Mholanzi waliuacha katika maandishi.

Hadi hapo tulikwenda sambamba. Lakini mwaka 1970 Malaysia ilifungua Chuo Kikuu cha Taifa ili sayansi, uganga na sheria vifundishwe kwa Kimalei. Mwaka 2003 serikali yao iliyumba, ikarudisha hisabati na sayansi katika Kiingereza. Mwaka 2009 ikaamua kuuacha mpango huo. Sisi hata leo mtoto wetu akiingia sekondari humwachisha Kiswahili mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya nafsi zetu tumeuamini ule uongo wa debe tupu: kwamba lugha iliyokopa haiwezi kukopesha. Wamalei walikopa kama sisi, wala hawakuiona sababu hiyo.

Kwa warithi wenyewe

Haitakuwa haki kuwalaumu wageni tu. Mwaka 1991 serikali ya jimbo la Kelantan ilipiga marufuku *mak yong*, tamthilia ya kale ya ngoma na nyimbo ambayo wanawake hushika hata nafasi ya mfalme, kwa hoja kwamba haipatani na dini. UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2005, na marufuku iliondolewa kwa masharti mwaka 2019. Katika miaka hiyo 28 wazee wangapi walizikwa na nyimbo zao! Anayeusafisha urithi mpaka ubaki dini tupu anamsaidia yule asemaye kwamba hapakuwa na kitu kingine.

Vivyo hivyo, mwaka 2007 Malaysia na Indonesia ziligombana juu ya wimbo uliotumika katika tangazo la utalii, na mwaka 2009 juu ya ngoma ya Kibali. Walikuwa wakigombea ua uliojengwa na mkataba wa 1824. Afadhali walivyofanya baadaye: mwaka 2020 pantun iliandikishwa UNESCO na nchi hizo mbili kwa pamoja, na mwaka 2024 vazi la *kebaya* likaandikishwa na nchi tano. Urithi si shamba la kuwekewa mipaka; ni kisima, na wachotao wakiwa wengi hakipungui.

Tufanye nini?

Tunawaomba walimu waache kufundisha kwamba Wahindi, Waarabu na Wazungu walileta ustaarabu katika nchi za Wamalei. Wafundishe kwamba Wamalei walichagua, walikataa na waliumba. Tunawaomba wafasiri wetu wazichukue hikaya na pantun kutoka katika Kimalei chenyewe na kuzitia katika Kiswahili, bila kupitia Kiingereza, maana zimo kanuni za ushairi ambazo sikio la Mwingereza hulipita na letu hulinasa. Tunawaomba watafiti wa vyuo vyetu wawatafute wale watu wa Kilwa waliofika Melaka, mpaka wapatikane.

Na kwa yule ambaye bado anasimama bandarini na daftari lake, akiandika kila kilichoshushwa na jina la aliyekishusha, tunasema: geuka nyuma, utazame mjini. Huko ndiko vitu hivyo vilikokwenda kupimwa, kukatwa, kushonwa na kuvaliwa. Na mshonaji alikuwa mwenyeji.